Nafasi Isiyoachwa Wazi: James Blackwood na Ndugu Zake katika Uimbaji wa Injili

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya kwaya za Usharika na wageni wa Dayosisi katika juma la Jubilei ya miaka 100)



Usharika unaotimiza miaka 100 hauna tena hata mmoja wa waimbaji wake wa kwanza. Waliosimama kuimba katika ibada ya kwanza wote wamelala. Hata hivyo kila Jumapili sauti nne husikika kanisani: ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Jambo hili huonekana kuwa la kawaida kwa sababu hutukia kila juma, lakini halijileti lenyewe. Kati ya waimbaji wale na hawa wa leo wapo watu walioitwa kusimama mahali pa mtu aliyeondoka, nao wakakubali. Wapo pia waliobaki katika safu, wakamkubali mgeni asimame karibu nao. Mara nyingi hili la pili ndilo gumu zaidi.

Mazungumzo haya yanalitazama jambo hilo kwa mfano wa kundi moja la waimbaji wa injili kutoka Kusini mwa Marekani, Blackwood Brothers, yaani Ndugu wa ukoo wa Blackwood, na mwimbaji wake mkuu, James Blackwood. Hawakuwa Walutheri, na nchi yao i mbali. Mfano wao umechaguliwa kwa kuwa kwao swali la nafasi iliyoachwa wazi liliulizwa mbele ya macho ya watu, siku moja ya mwaka 1954, nao walilazimika kulijibu.

Chimbuko la uimbaji huu

Uimbaji wa injili wa Kusini mwa Marekani ulizaliwa mashambani. Katika karne ya 19 walimu wa uimbaji walizunguka vijijini na kufundisha watu kusoma muziki. Walitumia noti zenye maumbo, kila sauti ya ngazi ikiwa na umbo lake: do ni pembetatu, so ni duara, la ni mraba, na zilizobaki vivyo hivyo. Maumbo saba ya namna hii yalichapishwa na Jesse Aikin mwaka 1846. Mkulima ambaye hakupata shule ndefu aliweza kujifunza kwa siku chache, wakati kazi za shamba zilipopungua, na kisha akaimba wimbo asioujua kwa kuutazama tu.

Wanakwaya waliolelewa kwa solfa wataelewa upesi. Solfa iliyoletwa na wamisionari katika Afrika ilienezwa Uingereza na mchungaji John Curwen katika karne hiyo hiyo ya 19, na nia ilikuwa moja: kumpa mtu wa kawaida ufunguo wa kusoma muziki bila kulipa gharama ya chuo. Herufi za huku na maumbo ya kule ni ndugu wa karibu.

Mwaka 1910 mchapishaji wa vitabu vya nyimbo, James D. Vaughan wa Lawrenceburg, Tennessee, alipata wazo la kuajiri wanaume wanne wazunguke wakiimba, ili watu wakisikia nyimbo wanunue vitabu. Basi, tangu mwanzo, uimbaji huu ulikuwa na miguu miwili: mmoja umesimama kanisani na mwingine sokoni. Atakayeusikiliza kwa haki hana budi kuikumbuka miguu yote miwili.

Nyumba ya wakulima wa pamba

James Blackwood alizaliwa tarehe 4 Agosti 1919 karibu na Ackerman, katika Wilaya ya Choctaw, jimbo la Mississippi. Wazazi wake, William Emmett na Carrie, walilima pamba katika shamba la mtu mwingine na kugawana mavuno na mwenye ardhi. James alikuwa mtoto wa mwisho. Kaka yake mkubwa, Roy, alizaliwa mwaka 1900 na alikuwa mhubiri. Kaka mwingine, Doyle, alizaliwa mwaka 1911. Roy alikuwa na mwana aliyeitwa R.W., aliyezaliwa mwaka 1921. Kwa desturi za hapa, James alikuwa baba mdogo wa R.W., ingawa alimzidi kwa miaka miwili tu.

Mwaka 1934 hao wanne wakaunda kundi. James alikuwa kijana wa miaka 15 hivi, na R.W. alikuwa bado mtoto. Ulikuwa wakati wa ule mdororo mkubwa wa uchumi, na wakulima wa pamba walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Waliimba makanisani na shuleni, na baadaye katika redio za Mississippi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mchapishaji mwingine wa vitabu vya nyimbo, V. O. Stamps wa Dallas, akawachukua chini ya udhamini wake, na mwaka 1940 wakahamia kituo cha redio cha KMA katika mji mdogo wa Shenandoah, jimbo la Iowa, mbali kabisa na kwao.

Vita Kuu ya Pili ikawatawanya. R.W. alichukuliwa jeshini, na wengine wakaenda San Diego, California, kufanya kazi katika viwanda vya ndege. Vita ilipokwisha wakarudi Shenandoah, na mwaka 1950 wakahamia Memphis, Tennessee, wakiimba katika redio ya WMPS. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya santuri ya RCA Victor ikawapa mkataba.

Katika miaka hiyo jambo moja lilitukia polepole, bila kishindo. Roy na Doyle waliacha kuimba katika kundi. Mwaka 1947 akaingia Bill Lyles kuimba besi, na mwaka 1952 Bill Shaw kuimba tena. Hawa hawakuwa wa ukoo wa Blackwood. Hata hivyo jina halikubadilika. Liliendelea kuwa Ndugu. Kiswahili hakipati shida na jambo hili. Neno ndugu halikuishia kwa watoto wa tumbo moja. Laweza kumpokea binamu, jirani, mkristo mwenzi na mtu aliyefika jana.

Kazi ya kila sauti

Ili kuelewa hasara iliyokuja, yafaa kueleza jinsi wanaume wanne wanavyoimba. Mmoja huubeba wimbo wenyewe, yaani ile tuni ambayo msikilizaji ataondoka nayo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya James. Juu yake huimba tena. Chini kabisa huimba besi, ambayo katika uimbaji huu hupewa nafasi ya kutembea, mara ikijibu, mara ikitangulia. Katikati huimba baritoni, na hiyo ndiyo sauti isiyosifiwa. Msikilizaji wa kawaida hawezi hata kuionyesha. Lakini ikiondolewa, zile tatu zilizobaki husikika kama nyumba iliyong'olewa nguzo ya katikati: paa bado lipo, ila kila mtu huona kwamba halikai sawa.

R.W. aliimba baritoni. Bill Lyles aliimba besi.

Mwimbaji wa namna ya James angeweza kusimama peke yake. Alikuwa na sauti safi na maneno yanayosikika yote, hata kwa aliyekaa nyuma kabisa. Lakini sehemu kubwa ya maisha yake ya uimbaji, karibu miaka 50, aliitumia akiwa mmoja wa wanne. Sauti inayoongoza inapoimbwa na wengine haina ruhusa ya kurefusha noti kwa kupenda kwake, wala kuvuta pumzi mahali inapotaka. Husikiliza kuliko inavyosikilizwa. Mwalimu yeyote wa kwaya anajua kwamba waimbaji wenye sauti nzuri ni wengi, bali wenye masikio mazuri ni wachache.

Clanton, tarehe 30 Juni 1954

Kundi lilikuwa likiitwa mahali pengi, na miji ilikuwa mbalimbali. Kwa hiyo walinunua ndege ndogo yenye injini mbili. R.W. ndiye aliyeirusha, na Bill Lyles alikaa naye kumsaidia kuangalia njia.

Katikati ya Juni 1954 walifika New York na kushinda katika kipindi cha Arthur Godfrey cha kutafuta vipaji, kilichosikilizwa na kutazamwa nchi nzima. Watoto wa mkulima asiye na shamba walikuwa wamefika mahali ambapo waimbaji wa namna yao hawakuzoea kufika. James alikuwa na umri wa miaka 34, na R.W. miaka 32.

Majuma mawili baadaye, tarehe 30 Juni, walikuwa Clanton, mji mdogo katika jimbo la Alabama, kwenye sikukuu ya mavuno ya matunda. Waliimba mchana, na jioni walitazamiwa kuimba tena pamoja na kundi rafiki, Statesmen. Uwanja wa ndege ulikuwa mdogo. R.W. alitaka kuujaribu kabla giza halijaingia, ili ajue kama wangeweza kuondoka usiku. Akaruka pamoja na Bill Lyles na kijana mmoja wa mji ule. Waliporudi kutua, ndege ilidunda, ikapanda juu ghafla, ikapoteza nguvu na kuanguka mbele ya watu waliokuwa wamekusanyika. Ikashika moto. Wote watatu walikufa.

James alikuwa pale na aliona yote. Alitaka kukimbilia motoni, na Jake Hess, mwimbaji wa Statesmen, akamzuia kwa nguvu.

Mazishi yalifanyika Memphis tarehe 2 Julai, katika ukumbi wa Ellis, ule ule ambamo walikuwa wakiimba. Watu wapatao 5,000 walihudhuria, na Gavana wa Tennessee, Frank Clement, alikuwa miongoni mwa waliotoa maneno ya kuaga.

Swali lililobaki

Baada ya mazishi walibaki watatu: James, Bill Shaw, na mpiga piano Jackie Marshall. Juu palikuwa na sauti mbili, na chini yao kimya. James aliona kwamba hataweza kuimba tena. Ni vigumu kumlaumu. Kila wimbo waliokuwa nao ulikuwa na mahali pa R.W. ndani yake, na kuuimba ilikuwa ni kulisikia pengo upya kila usiku.

Maandiko yanawajua watu wa hali hii. Katika Zaburi ya 137 mateka wa Babeli wanatundika vinubi vyao mitini, kwa sababu wimbo wa Sayuni hauwezi kutoka katika koo lililojaa kilio. Zaburi hiyo haikuondolewa katika Biblia. Mungu ameiachia nafasi katika kitabu cha sifa. Kunyamaza kwa mwenye msiba si dhambi, na mchungaji au mwalimu wa kwaya asimharakishe mtu kuimba kabla ya wakati wake.

Lakini zaburi hiyo nayo iliimbwa. Mtu fulani aliyesema kwamba hawezi kuimba aliligeuza neno hilo hilo kuwa wimbo, na wengine wakaupokea. Ndivyo ilivyokuwa Memphis. Kabla ya mwaka 1954 kwisha kundi lilikuwa limesimama tena, likiwa na watu wawili wapya.

Wa kwanza alikuwa J. D. Sumner, aliyetoka katika kundi la Sunshine Boys, naye akaimba besi. Wa pili alikuwa Cecil Blackwood, mdogo wake R.W. Cecil alizaliwa mwaka 1934, mwaka ule ule kundi lilipoanza, na kwa hiyo hakuwa ametimiza hata miaka 20. Kabla ya hapo aliimba na vijana wenzake katika kundi dogo lililoitwa Songfellows. Sasa aliitwa kusimama mahali pale pale alipokuwa akisimama kaka yake, aimbe noti zile zile, mbele ya watu wale wale waliokuwa wamemlilia.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa sana. Sumner hakuwa na sauti kama ya Lyles. Sauti yake ilikwenda chini mno, chini kuliko watu walivyozoea kusikia, hata baadaye akajulikana kwa hilo dunia nzima. Kundi lingeweza kumwambia aimbe kama marehemu alivyoimba. Badala yake nyimbo zilitengenezwa upya zimfae yeye. Kwa njia hiyo Lyles aliheshimiwa zaidi, maana hakuna aliyelazimishwa kuwa kivuli chake, na Sumner naye alipewa nafasi ya kuwa mwimbaji kamili.

Wako wanakwaya katika makanisa mengi waliojiunga na kwaya wakaondoka baada ya miezi mitatu. Hawakufukuzwa na mtu. Kila walipofungua kinywa waliambiwa jinsi marehemu fulani alivyokuwa akiimba sehemu ile. Maneno hayo husemwa kwa upendo wa aliyekufa, lakini humfungia mlango aliye hai.

Barabara, soko na tuzo

Baada ya msiba kundi liliacha kusafiri kwa ndege yao. Sumner akanunua basi na kulitengeneza liwe na mahali pa kulala na kupumzika. Ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kulifanya basi liwe nyumba ya waimbaji safarini. Mwaka 1957 akishirikiana na James na wenzao walifanya mkutano wa kwanza wa makundi ya waimbaji wanne huko Memphis, mkutano ambao uliendelea kufanyika kila mwaka na kuwa kitovu cha uimbaji huo.

Sifa nazo zikaja. Walipata tuzo ya Grammy mara kadhaa, zile tatu za mwanzo wakiwa na mwimbaji Porter Wagoner. James aliingizwa mwaka 1974 katika orodha ya heshima ya chama cha muziki wa injili cha nchi yake.

Mafanikio hayo yalileta hatari yake. Mtu anayeimba usiku 200 kwa mwaka aweza kuimba juu ya msalaba huku akihesabu viti vilivyojaa. Uimbaji huu haukuwahi kuwa salama na jaribu hilo, maana ulianza kama njia ya kuuza vitabu. Lakini kanisa la huku lisijione kuwa limeepushwa. Kwaya zenye kanda na video, zenye sare za gharama na vyombo vya kisasa, husimama penye miguu ile ile miwili. Kupata fedha za kununulia vyombo si kosa. Kosa huanza pale wimbo unapochaguliwa kwa kuwa utauzika, na Neno la Jumapili hiyo halikuulizwa.

Nafasi iliyofungwa

Haitakuwa haki kuisifu historia hii na kulipita jambo moja kimya. Katika Mississippi na Tennessee ya miaka ile sheria na desturi ziliwatenga watu weusi na weupe shuleni, katika magari na katika kumbi. Hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani dhidi ya ubaguzi mashuleni ilitolewa tarehe 17 Mei 1954, majuma sita tu kabla ya ajali ya Clanton, na ilichukua miaka mingi kutekelezwa.

Nyimbo hazikuitii mipaka hiyo. Wimbo mmoja uliowapa Blackwood Brothers umaarufu, Swing Down, Chariot, walikuwa wameupokea kutoka kwa kundi la waimbaji weusi, Golden Gate Quartet wa Norfolk, Virginia. Katika Memphis hiyo hiyo mchungaji mweusi, W. Herbert Brewster wa kanisa la East Trigg, alitunga nyimbo zilizoimbwa nchi nzima. Weupe na weusi walikopeshana nyimbo kupitia redio na santuri, na bado desturi haikuwaruhusu kuketi safu moja kuziimba. Tarehe 4 Aprili 1968 Dakta Martin Luther King aliuawa katika mji huo, alipokwenda kuwaunga mkono wafanyakazi wa kuzoa taka. Muda mfupi kabla ya kupigwa risasi alikuwa akimwomba mpiga muziki apige wimbo wa injili wa Thomas A. Dorsey katika mkutano wa jioni ile.

Nafasi katika safu yaweza kuachwa wazi na kifo, na yaweza kufungwa na wanadamu. Kifo hakiwezi kuzuiwa. Lakini mlango uliofungwa na wanadamu, iwe kwa rangi, kabila, cheo au umaskini wa asiyeweza kununua sare, wanadamu wanao wajibu wa kuufungua, na kanisa linapaswa kutangulia.

Katika nyumba za msiba

Miongoni mwa vijana wa Memphis waliopenda kuwasikiliza Blackwood Brothers alikuwa Elvis Presley. Siku tatu tu baada ya mazishi ya R.W. na Lyles, tarehe 5 Julai 1954, kijana huyo alirekodi santuri iliyomfungulia njia ya umaarufu wa dunia. Njia yake ilikuwa nyingine, na mengi katika maisha yake yalimsikitisha aliyempenda. Lakini mama yake, Gladys, alipofariki Agosti 1958, walioitwa kuimba mazishini walikuwa Blackwood Brothers. Na Elvis mwenyewe alipozikwa Agosti 1977, James Blackwood aliimba How Great Thou Art, akisaidiwa na kundi la Stamps, lililoongozwa wakati huo na J. D. Sumner. Wimbo huo asili yake ni shairi la Msweden Carl Boberg la mwaka 1885, nao umeimbwa kwa Kiswahili katika mazishi mengi hata katika sharika hizi.

Inafaa kuwaza ni nani aliyesimama hapo. Mtu aliyekuwa ameona ndugu zake wakiungua, na aliyekuwa amesema moyoni kwamba hataimba tena, alisimama akiwaimbia wengine katika msiba wao. Kama mwaka 1954 angenyamaza moja kwa moja, watu wangemwelewa. Lakini nyumba nyingi zenye kilio zingekosa sauti iliyojua kilio ni nini.

Kuondoka kwa wakati

Mwaka 1981, baada ya miaka 47, James mwenyewe aliondoka katika kundi alilolianza akiwa kijana. Hakungoja kifo kimwondoe. Aliungana na wazee wenzake, Hovie Lister, Jake Hess, J. D. Sumner na Rosie Rozell, wakaimba kwa jina la Masters V. Jake Hess huyu ndiye yule aliyemzuia asikimbilie motoni. Blackwood Brothers waliendelea mikononi mwa Cecil, yule kijana wa 1954, aliyekaa katika nafasi ya kaka yake hadi alipofariki mwaka 2000. James alifariki Memphis tarehe 3 Februari 2002, akiwa na miaka 82. Katika miaka iliyofuata mwanawe, Billy, alilisimamisha tena kundi lenye jina lile.

Kuondoka kwa wakati ni huduma. Mwimbaji mzee akingoja mpaka sauti imkatae kabisa, kijana hupata nafasi bila mwalimu. Akiondoka angali na nguvu, hukaa safu ya mbele ya wasikilizaji na kumwonyesha kwa kichwa kwamba ameimba vema.

Neno kwa kwaya za Usharika

Mwaka 1524 Johann Walter, akishirikiana na Dakta Martin Luther aliyeandika dibaji, alitoa kitabu cha nyimbo kwa ajili ya vijana. Kitabu hicho kilichapwa kwa namna ya kufundisha: kila sauti ilikuwa na kijitabu chake. Aliyeshika kijitabu cha tena hakuwa na noti za besi, na wa besi hakuwa na tuni ya tena. Hakuna aliyekuwa na wimbo wote mkononi mwake. Ulipatikana tu walipokutana na kila mmoja akaimba alichopewa. Mmoja asipofika, kijitabu chake kilipaswa kushikwa na mwingine.

Kwa hiyo, ndugu wanakwaya, yapo mambo matatu ya kufanywa na Usharika unaoingia katika karne yake ya pili.

Kwanza, majina ya waliotangulia yaandikwe: aliyeimba besi, aliyefundisha solfa ya kwanza, aliyenakili nyimbo kwa mkono kwenye madaftari. Yaandikwe na ya wale wa sauti za katikati, ambao hakuna aliyewahi kuwashangilia. Aliyeandikwa haitaji tena kukumbushwa kwa kumlinganisha na aliye hai.

Pili, watoto wafundishwe kusoma muziki. Katika 1 Nyakati 25 waimbaji wa hekaluni wanahesabiwa kuwa 288, na kura ikapigwa kwa mwalimu na mwanafunzi bila kutofautisha. Kwaya inayojifunza kwa kusikia kanda tu itakufa siku mwenye kukumbuka atakapokufa; kwaya inayosoma ina njia ya kurudi.

Tatu, atakayeingia kesho apokewe kwa sauti aliyopewa na Mungu. Ikiwa ni ya chini kuliko ya marehemu, wimbo na utengenezwe umfae.

Siku zijazo kila aliyesimama leo katika kwaya hizi ataacha nafasi yake. Wengine wataondoka kwa uzee, wengine kwa uhamisho wa kazi, wengine kwa mauti ya ghafla kama yale ya Clanton. Usharika utalia, na ni haki ulie. Kisha siku ya mazoezi itafika, mwalimu atatoa do, na mtu mmoja atapaswa kusogea hatua moja ili kumpisha mgeni. Hatua hiyo moja, iliyochukuliwa mara nyingi na watu ambao wengi wao majina yamesahauliwa, ndiyo iliyoufikisha Usharika huu kwenye miaka 100.

Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu awabariki waliotangulia, waliopo na wanaokuja. Amina.